Mwaka Nilipozinyoosha Nyaya

Nisikilize, wewe uliyekishika kitabu hiki, kama unavyomsikiliza jirani anayepukuchua mahindi huku akizungumza: mikono yake iko kazini, na wewe huna haraka. Usiogope nikitaja mambo ya umeme. Nitayaeleza polepole, na ukikwama mahali, rudi nyuma aya moja, nitakuwa bado pale nakungoja. Mwezi uliopita tulimzika Kariuki huko Kiplombe. Tulikaa chini ya hema, kwenye viti vya plastiki vilivyokuwa vikizama kidogo kwenye udongo laini, na kijana mmoja akasoma historia ya marehemu: kwamba aliendesha malori ya mahindi kwa miaka mingi, na hakuna siku hata moja aliyoshindwa kufika alikotumwa. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilitazama viatu vyangu. Baadaye binti yake, Njeri, aliniletea chai na kuniambia, "Auntie, baba alikuwa akisema wewe ndiye unajua ile mambo ya Timboroa. Alikuwa anacheka tu, hasemi zaidi. Tuambie basi." Nilimjibu kwamba ni maneno marefu, na mvua ilikuwa inakaribia. Ndiyo hayo nayaandika sasa.

Gereji ya Hajji Nur ilikuwa Eldoret, upande wa viwanda, si mbali na reli, na moyo wake haukuwa uwanja uliojaa oili bali chumba cha chai. Kilikuwa chumba cha mabati chenye benchi mbili ndefu, jiko la makaa, redio juu ya rafu, na picha ya Rais juu ya mlango kama ilivyokuwa katika kila chumba cha kazi nchini miaka ile ya chama kimoja. Mama Nyokabi ndiye aliyekitawala. Alipika chai ya maziwa katika sufuria nyeusi na mandazi yaliyokuwa yakiisha kabla ya saa nne, na alikuwa na sheria moja: katika chumba chake mtu mmoja husema, wengine hungoja. Wawili wakianza kusema pamoja, aligonga sufuria kwa mwiko, wote wakanyamaza, kisha yule mwenye jambo zito zaidi akaendelea. Redio ikianza taarifa ya habari, hata yeye alinyamaza. Hakuna aliyesema lolote juu ya habari zenyewe. Tulisikiliza, tukapuliza chai, tukarudi kuzungumzia magurudumu.

Mimi nilifika pale na cheti changu cha umeme wa magari, nikiwa mwanamke wa kwanza kushika testa katika gereji ile, na nikapewa kabati langu, meza yangu na ufunguo wa stoo. Madereva walisema nitakaa wiki mbili. Hajji Nur, mwenyewe mtu mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina, alisema tu kwamba stima, yaani umeme, haijui kama aliyeishika ni mwanamume au mwanamke, inapiga wote sawa. Mwaka huohuo alikuwa ameleta lori lililokuwa limetumika ng'ambo, na lori hilo ndilo shina la hadithi yangu. Tulikuwa tumezoea magari ambayo kila geji, ile saa ya kuonyesha hali ya injini, ina waya wake: waya mmoja wa joto, mmoja wa presha ya oili, mmoja wa mwendo, fungu zima linalotoka kwenye injini kuingia kabini. Lori hili lilikuwa tofauti. Injini yake ilikuwa na kisanduku kilichojua kila kitu kuihusu, na kisanduku hicho kilipeleka habari zote kwenye ubao wa geji kwa nyaya mbili tu nyembamba. Habari hazikwenda kwa pamoja. Zilipanga foleni, moja nyuma ya nyingine, haraka kuliko unavyoweza kupepesa jicho: kwanza presha ya oili, kisha joto, kisha mwendo, kisha presha ya oili tena. Vilikuwepo visanduku vingine vilivyotumia nyaya hizohizo, na kila kimoja kilisubiri kimya kabla ya kusema. Viwili vikigongana, vyote hunyamaza, kisha kile chenye jambo zito hutangulia. Nilipokielewa kijitabu cha lori lile nilicheka peke yangu, kwa sababu kilikuwa ni chumba cha Mama Nyokabi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Lori la mahindi hufuatwa na panya kama sukari inavyofuatwa na sisimizi. Siku moja lori hilo lililetwa kwangu, panya wakiwa wameguguna nyaya chini ya dashibodi, na Hajji akatoa amri kwamba kuanzia siku ile dereva yeyote atakayekutwa na chakula kabini atafute kazi kwingine. Nikafungua ubao. Kati ya nyaya zilizoliwa nilikuta mbili nyembamba zilizosokotana kama kamba mbovu, zimejizungusha moja juu ya nyingine mwendo wote. Nilidhani ni uzembe wa fundi fulani wa ng'ambo aliyeziacha zikajiviringa. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kwamba waya ulionyooka ni akili iliyonyooka, na huku kwetu hata mahindi hupandwa kwa kufuata kamba. Mtu ambaye mistari ya shamba lake imepinda husemwa sokoni. Nikakata kipande kilicholiwa, nikaweka nyaya mpya, nikazilaza sambamba, zimenyooka kama reli. Ili zipate njia nzuri nilizifunga kando ya waya mnene wa feni ya hita, ile ya kupasha kabini joto, tepu kila baada ya shubiri moja, mafundo yote yakitazama upande mmoja. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hajji alikuja, akainama, akatazama muda mrefu, kisha akawaita madereva na hata mfanyabiashara mmoja wa nafaka kutoka Moi's Bridge. "Angalieni," aliwaambia, "angalieni kazi ya huyu msichana, halafu muniambie tena wiki mbili." Nilikwenda nyumbani jioni ile nikitembea kama niliyevishwa shada.

Lori lile alilishika Kariuki. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye koti moja la kijani ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa amehamia kwetu kutoka upande wa Murang'a, akalima kipande chake Kiplombe siku ambazo hayuko barabarani. Alikuwa akipakia mahindi Moi's Bridge jioni, analala kwake, kisha alfajiri anaondoka Eldoret kupitia Burnt Forest na Timboroa kushuka Nakuru hadi vinu vya Nairobi. Miezi ya baridi ilipoingia alianza kuchelewa. Kila safari aliporudi alieleza jambo lilelile: akifika kwenye mwinuko wa Timboroa, ukungu umefunga, geji zote huanguka kwenye sifuri kwa mpigo, taa nyekundu ya oili huwaka na kengele ya kabini hulia. Dereva yeyote aliyefunzwa hujua kwamba oili ikipotea unazima injini papo hapo, ama unaiua. Kwa hiyo alizima. Alishuka, akapima oili kwa kijiti, akaikuta imejaa. Alingoja nusu saa, akawasha, kila kitu kilikuwa sawa. Baada ya mwendo kidogo zikaanguka tena. Lori lilipofika gerejini nililipima mara tatu. Sikupata kitu. Presha nilipima kwa geji ya kufunga kwa mkono kwenye injini yenyewe, ilikuwa nzuri. Nilimwambia Hajji ukweli kama nilivyouona, kwamba lori ni zima, na sikujua kwamba kwa maneno hayo nilikuwa nimemshtaki mtu.

Chumba cha chai hakikosi jibu. Kama lori ni zima na dereva anasimama Timboroa kila safari, basi Timboroa kuna kitu. Kiptanui, dereva kijana aliyependa kuendesha madirisha yakiwa wazi ili watu waone kwamba baridi haimwezi, alisema jibu ni rahisi, mzee ana bibi wa pili huko juu na huyo bibi anapika vizuri. Mwingine akauliza kama huyo bibi anaitwa Presha au Oili. Walicheka hata Mama Nyokabi akasahau mwiko wake. Kariuki alitabasamu kama mtu anayemezeshwa dawa, akamaliza chai, akatoka. Tatizo ni kwamba kinu kimoja kilikuwa kimeanza kukataa mahindi yetu kwa sababu ya kuchelewa, na Hajji hakuwa mtu wa kungoja. Alimtoa Kariuki kwenye lori, akampa Kiptanui. Alisema wazi mbele yetu sote: Kiptanui atakwenda safari nne. Zikimwangukia geji hata mara moja, Kariuki hana kosa na atarudi. Zisipomwangukia, Kariuki achukue barua yake aende. Ilikuwa haki, ukiitazama kwa juu. Safari ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu Kiptanui alirudi akiimba.

Siku hizo Kariuki alikuja gerejini kila asubuhi na kukaa kwenye benchi, koti limefungwa hadi shingoni. Nikikumbuka leo, kinachonirudia si vichekesho vyao bali jinsi maneno yake yalivyobadilika. Mwanzoni alisema, "Geji zilianguka." Baadaye akaanza kusema, "Nilidhani zimeanguka." Miaka ile watu wengi walijifunza kusema hivyo. Uliona jambo barabarani au kwenye baraza, ukaulizwa, ukajibu kwamba pengine hukuona vizuri. Lakini hilo ni jambo la kinywa. Ndani yako ulijua ulichoona. Kariuki alikuwa amefika mbali zaidi. Siku moja kabla ya safari ya nne nilimkuta peke yake, nikaketi kando yake na kikombe changu, nikamwomba anieleze tena safari nzima, tangu anapofungua mlango wa lori. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Fundi, mimi nimeanza kuogopa macho yangu. Dereva akianza kuona vitu haviko, si aache tu barabara kabla hajaua watu?"

Nikamwambia kwamba mimi si daktari wa macho, mimi ni fundi, na kabla hatujayahukumu macho yake tuyamalize maswali yangu. Unawasha nini ukiondoka? Taa. Nini tena? Waipa, kama kuna manyunyu. Timboroa je, unapofika kwenye baridi, unagusa nini? Aliuzungusha mkebe wake mtupu wa chakula mikononi, akatazama mlangoni kama anayehesabu waliopo, kisha akainama na kuninong'oneza kama anayekiri mbele ya padri. Mke wake alikuwa akimfungia githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Githeri ya asubuhi, ikifika Timboroa, ni mawe. Kwa hiyo akikaribia kule juu aliweka mkebe mbele ya tundu la hita, akafungua feni mpaka mwisho, ili ipate joto; lori likisimama aliizima feni, likianza kwenda aliifungua tena. Hakumwambia mtu, kwa sababu ya amri ya Hajji kuhusu chakula. "Sasa ungesema mimi niende kwa Hajji nimwambie hivi: sina bibi wa pili, nina githeri?"

Nilimwomba aniletee mkebe huo kesho yake, ukiwa na githeri ndani. Asubuhi kabla Kiptanui hajaondoka kwenda kupakia mahindi ya safari ya nne, nilimwambia Hajji nataka lori kwa nusu saa, akakubali kwa uso uliokunjamana. Kariuki alipanda upande wa dereva, mimi upande wa pili. Uwanja ulikuwa na jua jembamba la saa tatu. Aliwasha injini, geji zote zikasimama wima mahali pake. Nikamwambia afanye kila kitu kama Timboroa, asiache hata kimoja. Akawasha taa. Akakanyaga mafuta kidogo kama anayepanda mlima. Kisha, kwa aibu ya mtu mzima anayetazamwa akila, aliuweka mkebe mbele ya hita na kuzungusha swichi ya feni hadi mwisho. Feni ilivuma. Sindano zote zikaanguka pamoja. Taa nyekundu, kengele. Nikaizima feni, zikarudi. Nikaiwasha, zikaanguka. Kariuki alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Wewe pia umeziona?" aliniuliza. Nikamwambia, "Nimeziona, Mzee. Zimeanguka."

Nilipofungua ubao nilikuwa tayari nimejua, na bado nilitumaini nimekosea. Pale palipokuwa kazi yangu, nyaya mbili zilikwenda sambamba, zimenyooka, zimekumbatiana na waya wa feni. Mbele zaidi, chini ya tepu ya kiwandani, nyaya zilezile zilikuwa zimesokotwa, mzunguko mmoja kila upana wa kidole gumba, kuelekea injini. Nikachukua kijitabu nikatafuta kurasa ambazo mwanzoni niliziruka kwa sababu zilikuwa za kuchosha. Mchoro ulikuwepo. Hapakuwa na uzembe wa fundi yeyote. Msokoto ndio ulikuwa kazi yenyewe. Nilikaa sakafuni mwa kabini ile na kijitabu mapajani, na nitakuambia bila kujipamba nilichowaza. Niliwaza kwamba ningeweza kuzisokota kimyakimya, nifunge ubao, niseme nimepata waya uliolegea. Lakini wenzangu wangeendelea kusema mzee alisimama Timboroa bure, na mwaka ujao, akiona jambo jingine barabarani, angeshindwa kuyaamini macho yake tena. Nilifikiria pia zile wiki mbili walizonipa. Kisha nikashuka nikaenda chumba cha chai, na kwa kuwa watu wawili walikuwa wanasema, nikachukua mwiko wa Mama Nyokabi nikagonga sufuria mwenyewe.

Nilisema mbele ya wote kwamba geji zilianguka kweli, kwamba Kariuki hakusema uongo hata siku moja, na kwamba kosa ni langu. Kiptanui alidai kueleweshwa, hivyo nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe. Fikiria watu wawili waliobeba ujumbe, wanatembea kando ya barabara ya matope. Anayewangoja mwisho wa njia hatazami wamechafuka kiasi gani. Anatazama tu tofauti kati yao, na tofauti hiyo ndiyo ujumbe. Sasa lori likipita, matope yanaruka. Kama mmoja anatembea siku zote upande wa barabara, yeye atachafuka sana na mwenzake kidogo, na anayewangoja ataona tofauti ambayo si ujumbe. Lakini wakibadilishana nafasi kila hatua, mara huyu upande wa barabara, mara yule, matope yatawapata sawasawa, tofauti yao itabaki ileile, na ujumbe utafika mzima. Feni ya hita ndiyo lori lenye matope; ikizunguka hutupa kelele za umeme kwenye kila waya ulio karibu. Kiptanui, wa madirisha wazi, hakuiwasha hata mara moja, wala mimi nilipopima. Kusokota ndiko kubadilishana nafasi. Mimi niliwanyoosha wale watu wawili, nikamweka mmoja barabarani siku zote. Mama Nyokabi alisema ameelewa, na kwamba hata yeye asingetembea upande huo.

Hajji alikuwa amesimama mlangoni. Hatukujua alikuwa amesikia kuanzia wapi. "Nilileta watu hapa kuona hiyo kazi," alisema. Nikajibu ndiyo, Hajji. Akaingia ndani. "Basi nitawaleta tena. Waone ukiisokota." Kisha akamgeukia Kariuki. "Safari ya nne ni yako. Na wewe na hiyo githeri. Panya wa gari yangu ulikuwa unawalisha wewe?" Watu walicheka, na safari hii Kariuki alicheka pamoja nao, akifungua vifungo vya koti. Hajji alitimiza neno lake. Adhuhuri madereva wote na yule mfanyabiashara wa Moi's Bridge walisimama mlangoni mwa kabini, na mimi nikaifungua kazi niliyoipenda kuliko zote, tepu baada ya tepu, nikaisokota mbele yao. Mfanyabiashara aliuliza kama sasa si imekuwa mbaya zaidi, na Kariuki ndiye aliyemjibu kwamba hapana, hiyo ndiyo nzuri.

Kariuki aliendelea kuliendesha lori lile hadi lilipouzwa. Kila alipopita gerejini aliniuliza kwa uso mkavu kama bado zimesokotwa, nami nilimuuliza kama githeri bado ni ya moto. Hatukuwahi kulizungumza zaidi ya hapo. Tangu siku hizo nimeona magari mengi, yenye visanduku vingi na lugha za haraka zaidi, na chini ya dashibodi zao zote bado nakuta zile nyaya mbili zikibadilishana nafasi. Nimewafundisha vijana wengi, wa kike na wa kiume, na siwaanzishi na mita wala michoro. Nawaanzisha na mtu aliyekaa kwenye benchi akiogopa macho yake kwa sababu fundi mmoja alipenda mistari iliyonyooka. Njeri, hayo ndiyo mambo ya Timboroa. Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, siku utakapofungua gari ukakuta nyaya mbili zimesokotana, usizinyooshe. Ukilazimika kubadilisha kipande, shika ncha mbili mpya pamoja, zisokote mzunguko mmoja kwa kila upana wa kidole gumba, endelea hivyo mpaka karibu kabisa na plagi, zipitishe mbali na waya wa feni, na kabla ya kufunga ubao, mwite dereva, washeni hita mpaka mwisho, na muulize anaona nini.